Zawadi Ambayo Shemeji Hataki Ionekane

Msomaji huyu ametuomba tufiche jina lake na majina ya watu wake. Tumefanya hivyo. Yaliyobaki ni maneno yake.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma sekondari hapa Moroni, na nyumbani kwetu ni Badjanani, karibu na msikiti wa zamani. Kiswahili nimefundishwa na bibi yangu aliyekulia Unguja. Mkiona makosa mnisamehe, sikuweza kumwomba anisahihishie, kwa maana naye hajui lolote kuhusu jambo hili. Nawaandikia nyinyi mlio mbali kwa sababu hapa, tangu Wazungu wenye bunduki waje kumlinda rais, watu wamezoea kutazama mlangoni kabla ya kusema neno. Hata posta sikwenda. Barua hii imebebwa na jamaa yetu anayesafiri.

Dada yangu mkubwa ameposwa na kijana wa Mutsamudu anayefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Nitamwita Saidi. Shangazi zangu hawakumtaka. Walisema kwani Moroni wanaume wamekwisha, mpaka tukamtafute mtu wa kisiwa kingine ambaye hatuwajui wazee wake. Lakini dada anampenda, na mama akasimama upande wake.

Mara ya mwisho Saidi alipokuja kutusalimu, alimletea dada chombo kidogo cha kusikilizia muziki, kile kinachotumia sidii badala ya kanda, unakibeba mkobani na kuvaa visikilizio masikioni. Vitu hivyo hapa tunaviona kwa Wazungu wale tu, wanapopita ndani ya magari yao. Mtu wetu niliyemwona nacho ni mmoja, mwalimu wetu wa hisabati, aliyesoma Ufaransa. Tukifanya vizuri mtihani alikuwa akituruhusu kusikiliza kwa zamu. Siku moja kifuniko kiligoma kufunga. Nilitoa kibanio changu cha nywele, chenye ua jekundu lililobanduka nusu, naye akakikunja kwa koleo akakifanya komeo. Darasa zima lilipiga makofi.

Baadaye karatasi za kuisema serikali zilitupwa katika uwanja wa shule, na mwalimu hakuonekana tena. Wengine wanasema alichukuliwa na wale walinzi wa rais wa sare nyeusi. Wengine wanasema alivuka hadi Mutsamudu akapanda meli. Mwalimu mpya alipoingia alituambia tufungue ukurasa unaofuata, na hakuna aliyeuliza.

Chombo alicholeta Saidi kimefungwa kwa kibanio changu. Ua lenyewe lipo.

Tangu siku hiyo namtazama shemeji yangu kama mtu anayetazama chakula alichokuta wazi. Kwa nini anajua majina ya askari wa getini kwa rais? Kwa nini mtu wa kubeba magunia anakuja Moroni mara kwa mara, na hasimamishwi njiani kama wengine? Ikiwa alipewa kitu cha mwalimu na wale waliomchukua, basi alikilipia kwa maneno, na dada yangu anakwenda kulala na mtu anayeuza watu. Lakini moyo wangu una upande wa pili. Meli zote kubwa zinapita pale anapofanya kazi. Labda mwalimu alifika bandarini hana kitu kingine cha kutoa, na Saidi ndiye aliyemwingiza melini. Basi mwalimu yu hai. Natamani sana iwe hivyo, na ninaogopa kwamba naamini kwa sababu natamani.

Ijumaa iliyopita nilibaki naye ukumbini, dada alipokwenda kuleta chai. Nikamwuliza alikitoa wapi.

Akatazama mlangoni kwanza. "Mtu aliniachia. Kwani unakijua?"

"Hapana, shemeji."

"Vizuri. Basi endelea kutokijua."

Alisema kwa upole. Dada aliporudi, akanywa chai yake, akamtania kwamba sukari ya Moroni ni ya kuonjeshana. Sikuweza kujua kama alikuwa ananitisha au ananilinda.

Sasa tatizo. Kwetu, vitu vya bwana harusi haviingii nyumbani kimyakimya. Wanawake wa mtaa hualikwa, masanduku hufunguliwa, na kila kitu huinuliwa juu, kikatajwa na kupigiwa vigelegele, dhahabu, vitambaa, manukato, mpaka viatu. Saidi alimpa dada chombo kile asikilize peke yake chumbani. Mama alipokiona akasema hiki kitakwenda juu kabisa ya sinia, ili shangazi zangu wafunge midomo. Saidi alimwomba akiache, akasema ni kitu cha zamani, kina aibu. Mama akaudhika. Shangazi mkubwa akasema, "Mwanamume anayeona haya zawadi yake, basi ameiiba." Sasa mama hawezi tena kurudi nyuma.

Siku hiyo watakuwapo wake na dada za askari. Jirani yetu mmoja, ambaye binti yake hushushwa mtaani na gari la Wazungu, ameshaulizia rangi ya nguo za kuvaa. Nikimwambia dada, atamwuliza Saidi, na hajui kusema kwa sauti ndogo. Ikiwa Saidi ni msaliti, atajua kwamba mimi ninajua. Ikiwa ni mwema, nitakuwa nimemtaja mbele ya masikio ya watu, yeye na mwalimu pamoja. Nikikificha chombo, shangazi watasema Saidi amekiiba tena, na posa itavunjika mikononi mwangu.

Na kuna jambo la mwisho. Mama mzazi wa mwalimu anakaa kichochoro cha pili. Mpaka leo akituona tumevaa sare anatuuliza kama kuna habari. Jana nilitumwa kumpelekea mwaliko. Alifurahi, akanishika uso, akasema atakuja mapema ili akae mbele, macho yake siku hizi hayaoni vizuri mbali.

Nishaurini, dada na kaka zangu. Masanduku yanafunguliwa baada ya Idi. Nimwambie nani kwanza?