Jiko Lililokosa Kisanduku

Ulikuwa mwaka ule tuliokula michembe mpaka watoto wakaacha kuuliza leo kuna chakula gani. Mahindi yalikauka shambani kabla ya kubeba, basi kila nyumba ikateremsha viazi vyake vitamu vilivyokaushwa: asubuhi michembe ya kuchemsha, jioni michembe kwa karanga, na Jumapili, kwa heshima ya Bwana, michembe kwa asali. Michembe haiivi kwa moto wa kubembeleza. Mwaka ule kila mwanamke alijijua kama ana kuni au hana.

Mimi nilikuwa nazo. Sisemi kwa kujisifu. Au niseme ukweli, kujisifu kidogo kumo.

Miaka miwili kabla ya hapo, mjukuu wangu wa kike alijikwaa kwenye mafiga, uji wa moto ukammwagikia mkono mzima. Nilikaa naye hospitali pale Kitete mpaka wauguzi wakanizoea. Niliporudi nyumbani niliyang'oa yale mawe matatu nikayatupa nyuma ya choo. Nikachimba udongo wa kichuguu, nikauchanganya na majani makavu, nikaukanyaga kwa miguu yangu hii, nikajenga jiko la kufika kiunoni, lenye mashimo mawili ya sufuria na bomba la udongo la kutolea moshi nje. La kwanza lilipasuka. La pili likaegemea upande kama mlevi. La tatu ndilo hilo. Mtoto hafikii sufuria, na mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili sasa unanifikisha Jumapili nyingine. Shule niliachia darasa la tatu, lakini udongo haukuniuliza cheti.

Basi mwaka huo wa michembe likaja gari la mradi wa majiko kwa barabara ya Kaliua. Likashusha binti mtaalamu mwenye buti safi na bwana mmoja wa kamera. Tukakusanywa. Binti akatueleza kwa upole kwamba mafiga yetu akina mama ndiyo yanayomaliza msitu. Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa likishusha magogo kwenye bani la kukaushia tumbaku. Kelele ikazidi, ikabidi binti asubiri limalize kushusha ndipo aendelee kutulaumu.

Walitaka jiko moja la kupiga picha mbili, moja kabla ya mradi, nyingine baada. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mama huyu ana jiko zuri." Wao wakaelewa chumba, kipana, chenye mwanga. Wakaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Aliingia, akasimama. Akaliangalia jiko, akainama akachungulia bomba, akafungua karatasi zake.

"Bibi, hili ulijengewa na mradi gani?"

"Mradi wa miguu yangu."

Akageuza karatasi mbele na nyuma. Kulikuwa na kisanduku cha mafiga, na kisanduku cha jiko la mradi. Cha mtu aliyejijengea hakikuwepo. Nilimwonea huruma kweli, maana alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Labda tuweke alama kwenye mafiga," akasema.

"Mafiga yako nyuma ya choo. Kayawekee alama huko."

Bwana wa kamera akacheka, mwenyekiti hakucheka. Wakatoka nje wakanong'ona, wakarudi na shauri lao. Jiko langu libomolewe. Mawe matatu yarudishwe, niwashe majani mabichi, niiname nikohoe, nipigwe picha. Kisha mradi ungenijengea jiko bora.

"Hilo bora likoje?" nikauliza.

Binti akanionyesha mchoro. Mashimo mawili, bomba la kupitia ukutani, urefu wa kiunoni.

"Si ndilo hilo hapo?"

"Linafanana sana, bibi. Tutakurudishia lilelile."

"Kama ni lilelile, mnabomoa nini?"

Binti akakunja mchoro wake. Bwana wa kamera ndiye aliyejibu: "Bibi, kohoa kidogo tu. Hata mara mbili zinatosha."

Nikawaambia: "Jiko langu halibomolewi, na mimi sikohoi."

Hapo ndipo nilipoona nina majirani. Wanawake walijaa uani. Mwenyekiti alikuwa amewaambia kwamba bila picha gari litahamia kijiji cha pili, na majiko, na fulana za mradi, vyote vitaondoka nalo.

"Bomoa tu, mwenzetu," jirani yangu wa upande wa kisimani akasema. "Usitunyime."

"Nawanyima nini? Njooni kesho na udongo wa kichuguu, niwafundishe wote bure."

"Lako halina fulana!" mmoja akadakia, na ua mzima ukaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, maana lilikuwa kweli. Miaka miwili walikuwa wakipita mlangoni kwangu wanaona moshi unatokea nje, wakaniita mama bomba. Leo lilelile likiletwa na gari, wote wanalitaka.

Mke wa mwanangu akanivuta pembeni. "Mama, ni picha tu. Utalaumiana na watu mpaka lini?"

Nikamtazama mwanawe aliyekuwa amekaa ukutani anamenya karanga, mkono mmoja laini, mwingine umekunjamana. Nikamwuliza mama yake, yale mawe yakirudi humo ndani, hata kwa siku moja, nani atamshika huyu? Akaenda kukaa karibu na binti yake.

Mwenyekiti akaingia na jembe. Alipokuwa mchanga nilimbeba mgongoni yule, mama yake akiwa shambani.

"Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho, mbele ya watu wote hawa. Kijiji kikose kwa ajili yako?"

Nikaenda nikasimama kati ya jembe lake na jiko langu, mgongo ukipata joto la michembe iliyokuwa ikitokota.

"Jiko langu halibomolewi, na mimi sikohoi."