Meseji ya Kifo cha Winrose Gatakaa

Winrose Gatakaa hakai. Ukimpa kiti atakishika mgongoni, atakusukumia wewe ukikalie, naye ataendelea kusimama. Chai anakunywa akitembea kati ya mlango wa duka letu na geti la ploti, na jioni mimi ndiye wa kuokota vikombe: kimoja juu ya mita ya stima, kingine dirishani kwa jirani. Tuna chumba kimoja hapa Nchiru karibu na hosteli za wanafunzi. Tunachapisha kazi zao, tunatengeneza kompyuta zao, na mambo yakiwa mazuri tunaandika programu. Nimefanya kazi naye miaka minne na sijaona mtu mwenye haraka kiasi hicho ambaye hana mahali anapokwenda.

Watu husema ndivyo alivyozaliwa. Si kweli. Kabla kaka yake hajafa alikuwa akiketi kama sisi wengine.

Kiunga, huyo kaka yake, alikuwa fundi wa umeme huko Embu. Alianguka kutoka juu ya jengo akafa hapo hapo. Kikundi cha mazishi cha kwao Kanyakine, chenye wanachama mia mbili na kumi na wawili, kikatangaza kwa meseji kama kawaida yake. Mama yao alikuwa sokoni anampimia mteja nyanya. Mteja akasoma simu yake, akainua macho, akasema, "Pole, Mama Kiunga." Mama akauliza pole ya nini. Mizani ilikuwa bado mkononi, na waliokuwepo wanasema hakuiachilia mpaka watu wawili walipomfungua vidole.

Tangu siku hiyo Mama Kiunga ameizima simu. Huiwasha Jumapili akitoka kanisani, anaongea na Winrose robo saa, kisha anairudisha kabatini. Na katika mkutano wa kwanza wa kikundi baada ya mazishi alisimama akadai sheria tatu. Familia ya marehemu isitumiwe meseji, aende mtu kwa miguu yake akaseme. Mtu huyo, akiwa njiani, asisalimie yeyote wala asipokee simu, maana habari ya namna hiyo humwagika. Na akifika asitoe neno mpaka anayeambiwa awe ameketi na mikono yake iwe mitupu. Hakuna aliyembishia.

Programu ya Winrose ilizaliwa na sheria hizo. Ukiipa jina la marehemu, inaitafuta familia yake na kuiweka kando, inamchagua jirani wa kwenda kusema, halafu inagawa kazi, kila mmoja kwa meseji yake: huyu kuni, huyu viti, yule turubai. Aliiandika miezi mitano, wima, kompyuta ikiwa juu ya kreti mbili za soda. Hakulipwa na hakutaka kulipwa. Alitaka tu mama mwingine asiambiwe sokoni.

Sasa lazima nieleze kosa, na nitalieleza polepole kwa sababu ni langu. Programu hujengwa kwa vipande tunavyoviita fankisheni. Kila kimoja kinapewa kitu, kinapiga hesabu, kinarudisha jibu. Lugha tunayoandikia inaruhusu kipande kimoja kukabidhiwa kingine, na hapo ndipo penye utamu na pilipili. Chukua kibarua uliyemwajiri apite mashamba yote, na katika kila shamba afanye kilichoandikwa kwenye karatasi aliyopewa. Unaweza kumjua huyo kibarua kuliko ndugu yako, lakini kama hujaisoma karatasi, hujui jioni utaikuta kahawa imepaliliwa au imekatwa.

Winrose aliandika kibarua. Kilikuwa kipande kinachopita kwa wanachama wote, mmoja mmoja. Karatasi, yaani kipande alichokabidhiwa kibarua, niliandika mimi. Mwanzoni ilikuwa inatunga maneno ya meseji na kuyarudisha tu, kama barua iliyoandikwa ikaachwa mezani. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia nikaongeza mstari mmoja ndani yake: ukishatunga, tuma. Niliona nimepunguza kazi. Jina la kipande sikubadilisha, na Winrose sikumwambia, kwa sababu ukimwambia jambo moja anakuuliza kumi nami nilikuwa na njaa.

Siku hizi katika duka letu kipande chochote kinachogusa dunia, hata kama ni kuliza kengele tu, kinaandikwa hivyo mlangoni pake, yaani kwenye jina lake, na hakiruhusiwi kukabidhiwa kibarua yeyote. Kutuma kunafanyika mahali pamoja, mwishoni, kwa kidole cha mtu. Wakati ule hatukuwa na akili hiyo.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi. Winrose alitaka kuijaribu kabla ya kuipeleka Kanyakine. Alikisoma kipande chake mstari kwa mstari, mara mbili, kidole kikitembea juu ya kioo. Hakikuwa na mahali kinapotuma kitu. Alikuwa sahihi kabisa, na usahihi wake haukutusaidia.

Programu ikaomba jina. Nikamwambia aweke la mwanachama yeyote, ni hesabu tu. Alinikazia macho mpaka nikatazama pembeni. Kwao, na hata kwetu Mikinduri, jina la mtu aliye hai haliwekwi penye maiti, iwe ni kwa mzaha au kwa kompyuta. Nikasema basi abuni jina. Akabuni, programu ikalikataa, kwa kuwa mtu asiye na familia hana jirani wa kumtuma. Akazunguka chumba mara mbili. Kisha akaandika Winrose Gatakaa, mwanachama nambari mia moja na tisa, maana hilo ndilo jina pekee aliloona ana haki ya kulichezea.

Akabonyeza. Orodha ikatoka safi. Kuni kwa hawa, viti kwa wale, na wa kwenda kuiambia familia alikuwa Cicily, jirani ya mama yake, bibi wa miaka sabini. Winrose akatabasamu, na Winrose hatabasamu ovyo. Halafu chini ya orodha ukatokea mstari mdogo: meseji mia mbili na kumi zimetumwa.

"Mwongera," akasema, "hii kitu imetuma?"

"Haiwezi tuma," nikajibu, na hapo hapo nikakumbuka.

Sitaandika aliyoniambia. Nilistahili yote. Alinyakua simu akampigia Cicily, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ndipo tulipotazamana, kwa sababu wote wawili tulikuwa tumeelewa: Cicily alikuwa njiani tayari, na mbeba habari hapokei simu. Simu ya mama ilikuwa kabatini, imezimwa. Akampigia mwanamke wa ng'ambo ya kijito. Yule akaona jina la marehemu linaita kwenye simu yake, na nadhani aliitupa, kwani tangu hapo haikupatikana. Nani apokee simu ya maiti? Nikapiga kwa namba yangu, wakapokea wawili wakilia, wakaniuliza mimi ni nani, wakakata. Nikatuma meseji ya kusahihisha kwa wote, kwamba Winrose yuko hai na ni kosa la mitambo. Baadaye tuliambiwa kwamba kikundi kilijadiliana na kukubaliana kuwa hao ni matapeli, wameanza hata kuwachezea wafu.

"Mama ana presha," Winrose alisema. Alisema mara nyingi, bila kunitazama, akitafuta viatu na kuvaa alichokigusa kwanza.

Nina pikipiki. Sikuwahi kuiendesha vile na sitarudia. Tulipita Makutano, tukapita Nkubu, na njia nzima nilimsikia mgongoni mwangu akihesabu kwa sauti: Cicily anatoka kwake, anapita kwa mwenye ng'ombe, anavuka kijito, anapumzika kidogo maana magoti yanamsumbua. Alikuwa akimtembeza bibi wa watu akilini, akijaribu kumchelewesha. Kila mara alimfikisha kwenye mlango wa mama yake, kisha akaanza upya. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu, nami si mtu wa kuomba. Niliomba bibi ateguke mguu, kidogo tu.

Karibu na Kanyakine tukaanza kuwapita. Wanawake na mizigo ya kuni mgongoni, wanaume wawili na mkokoteni wa viti. Programu ilikuwa imegawa kazi vizuri mno, kila mtu ameleta chake. Mama mmoja aligeuka kutupisha, akamwona aliyekuwa nyuma yangu, akaketi barabarani na mzigo wake wote. Winrose hakuwa na muda wa kumsalimia.

Getini kulikuwa na watu kama thelathini. Walikuwa wamesimama, kofia mkononi, kuni zimewekwa chini. Huko hakuna anayeingia kwenye boma la msiba kabla hajasikia kilio kutoka ndani, na kilio kilikuwa hakijasikika. Saa moja na nusu ilikuwa imepita tangu meseji zitoke, na hakijasikika. Nilidhani tumechelewa kwa namna nyingine, kwamba mama ameanguka na Cicily anahangaika naye peke yake. Winrose naye alidhani hivyo, kwa maana alipita katikati ya wale watu akikimbia, nao wakampisha.

Nilimfuata hadi mlango wa jikoni. Mama Kiunga alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anamenya minji, zile njegere za kijani. Cicily alikuwa mbele yake, jasho linamtoka, mikono imefumbatana. Alikuwa na sura ya mtu aliyezuiwa kupiga chafya tangu asubuhi. Alipomwona Winrose akashika mdomo wake kwa viganja viwili.

Mama Kiunga hakupiga kelele. Alimtazama binti yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, ambako alikuwa amevaa kiatu kimoja chake na kimoja changu. Vidole vyake havikuacha kumenya.

"Huyu mama ameingia hapa bila salamu, hata muga hakusema," alisema, akimwonyesha Cicily kwa kidevu. "Nikajua. Mimi nimebaki na mmoja tu, sasa angekuja juu ya nani?"

"Nimemwambia aweke hiyo ungo chini," Cicily akasema. "Nimemwambia Mama Kiunga, weka chini kidogo. Amekataa. Akaniambia sheria ni sheria, mpaka mikono iwe mitupu. Na mimi nitafanya nini?"

Winrose alianza kueleza. Alisema ni programu, ni jaribio, ni kipande kilichokabidhiwa kipande kingine. Akanitaja, nami nikasema mlangoni kwamba ni mimi, ni mstari wangu, nisamehewe. Sijui kama kuna aliyenisikia. Mama alikuwa akimtazama binti yake mdomoni bila kusikiliza maneno, kama anayehakikisha tu kwamba pumzi inaingia na kutoka.

Nimefikiria siku hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sisi wawili, tuliosomea haya mambo, tulishindwa kutenganisha neno lililotungwa na neno lililotumwa. Yule mama alielewa. Habari ilikuwa imeshafika jikoni kwake, imekaa kwenye kigoda, yote nzima, na yeye akajua kwamba maadamu haijasemwa bado haijamfanya kitu. Akaishikilia hapo kwa vidole vyake.

Maneno yakamwishia Winrose. Akainama, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikamwona anaketi, chini kabisa, sakafuni, magoti yakigusa ya mama yake. Akaweka mkono juu ya ungo.

"Mama, nipatie sasa. Niko hapa."

"Bado kidogo," Mama Kiunga akasema.

Winrose akauvuta ungo taratibu mpaka mama akauachilia, kidole kimoja baada ya kingine. Nilisogea nimsaidie kuupokea. Minji yote ilikuwa ndani ya sufuria kando yake, imemenywa, imejaa, na juu yake kulikuwa na vumbi jepesi la majivu ya jiko. Kwenye ungo kulikuwa na maganda matupu tu, yamefunguliwa na kufunguliwa tena mpaka yamelegea.