Veronika wa Ubaruku kwenye Boti ya Mabawa

Siku habari zilipofika Ubaruku kwamba Veronika, binti wa Mzee Seni, ameajiriwa Dar es Salaam kwenye boti inayoruka, watu waliokuwa mashineni kukoboa mpunga walicheka mpaka fundi akazima injini ili asimuliwe upya.

"Boti yenye mabawa? Basi mwakani trekta litataga mayai!"

Mzee Seni hakucheka. Alichukua fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe, na jioni akampigia binti yake simu.

"Mayu," alianza. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, yaani mama kwa Kisukuma, maana alifanana na mama yake mzazi kama yanavyofanana maharage ya ganda moja. "Sisi ni watu wa ng'ombe. Mimi nilitoka Meatu kwa miguu nikiswaga mifugo mpaka hapa Usangu, na maji yaliyonipita magoti sikuyakanyaga. Wewe bahari unaitafutia nini?"

"Natafuta kazi, baba. Na nimeshaipata."

"Kazi si ulikuwa nayo? Kwenye basi?"

Kweli alikuwa nayo. Alipomaliza kidato cha nne, Veronika alifanya kazi ya uhudumu kwenye basi la Mbeya kwenda Dar, akapanga chumba Mbalizi, na kila safari alikuwa akigawa maji, soda na biskuti tangu Uyole hadi jua linapozama. Wenzake waliichukia sehemu moja ya njia: mteremko wa Kitonga, pale basi linapoiacha milima ya Iringa na kushuka kona baada ya kona. Hapo ndipo chipsi za Makambako na mayai ya Mafinga hugeuka na kutaka kurudi vilikotoka. Veronika yeye alijiandaa kabla ya Ilula. Aliwahamisha wenye matumbo mepesi kutoka viti vya nyuma akawaleta katikati, ambako basi halirushi sana. Aliwapa kipande cha ndimu wanuse. Aliwakataza kutazama simu.

"Tazama mbali, mama. Tazama ule mlima kule. Usiangalie chini, chini hakuna kitu."

Na asiyesikia alimpa mfuko, akamshika bega, akamtania mpaka acheke.

Siku moja kwenye safari hiyo alikuwemo mama mmoja mnene wa Kihehe, Juliana, aliyekuwa akitoka Iringa kwenye harusi ya mdogo wake. Alimtazama Veronika Kitonga nzima. Basi liliposimama Ruaha Mbuyuni, abiria wakashuka kununua vitunguu, yeye akamwita pembeni penye kivuli cha matenga ya nyanya.

"Binti, unajua kuogelea?"

"Shikamoo, mama. Najua. Nimekulia kwenye mifereji ya mpunga."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Mimi ni msimamizi wa wahudumu kwenye kampuni ya boti. Tumeleta boti mpya ya abiria ya kwenda Unguja, ya mabawa. Wahudumu wazuri wa kuongea ninao. Ninayemtafuta ni mtu asiyeogopa matapishi."

Veronika alicheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani.

Boti yenyewe iliitwa Shakwe. Ikiwa imefungwa gatini ilikuwa boti ya kawaida tu, nyeupe, fupi kuliko nyingine, na Veronika alipoiona mara ya kwanza aliyatafuta mabawa juu ya paa asiyaone. Nahodha wake, Didas, mtu wa maneno machache aliyependa kujibu maswali kwa mikono, alimchukua chemba.

"Mabawa yako chini ya maji," alisema, akanyoosha kiganja na kukiinamisha kidogo kama mtu anayechota. "Yameshikwa na miguu ya chuma. Boti ikianza kukimbia, maji yanapita kwa nguvu juu na chini ya bawa, yanalinyanyua, kama upepo unavyomnyanyua ndege. Tumbo la boti linatoka majini lote. Inabaki miguu tu inakata maji. Sasa wimbi litampiga nani? Linapita chini, kati ya miguu."

"Na mafuta?"

"Tunatumia kidogo. Kuburuta tumbo majini ndiko kunakokula mafuta."

"Na wimbi likiwa refu kuliko miguu?"

Didas alimtazama upya. "Hapo tunashuka. Tunakaa majini tunakwenda polepole kama watu wengine, na wewe unaandaa mifuko yako."

Safari ya kwanza Veronika hakuisahau. Walipotoka mlango wa bandari, injini zikaongeza sauti, boti ikatetemeka, kisha ghafla kelele ya maji chini ya miguu yake ikakatika. Kimya. Alichungulia dirishani akaona bahari iko chini zaidi ya ilivyokuwa, nao wanateleza juu yake kama kwenye lami mpya. Kwenye kona boti ililalia upande wa ndani, kama pikipiki. Alijikuta anacheka peke yake na trei mkononi.

Haikuwa hivyo kila siku. Upepo wa kusi ulipovuma, bahari ikasimama vilima, Shakwe ilikuwa ikishuka ikakaa majini na kuyumba kama mlevi wa komoni. Siku hizo ndipo Kitonga iliporudi. Ndimu, viti vya katikati, "tazama mbali, baba, tazama kisiwa kile." Juliana alipopanda kukagua, alisimama mlangoni mikono kiunoni akatikisa kichwa kwa furaha.

Mwaka wa pili, mpunga ulipokwisha kuvunwa, Mzee Seni alisema anakuja. Hakusema anakuja kumsalimia. Alisema anakuja kuona. Alifika stendi ya Magufuli na mfuko wa mchele wa Ubaruku begani, koti la sufu mwilini ingawa joto la Dar lilikuwa likimtoa jasho, na asubuhi yake akapanda Shakwe akiwa amevaa kofia na kushika fimbo. Alikaa kiti cha mbele kabisa.

Veronika alipita akihakikisha kila abiria amefunga mkanda. Alipofika kwa baba yake, mkanda ulikuwa unaning'inia.

"Baba, naomba ufunge."

"Mimi si fahali wa kufungwa kambani."

"Ni sheria ya boti, baba. Nahodha haondoki mpaka wote wamefunga."

"Mwambie kwamba baba yako amekataa."

Abiria wakaanza kugeuka. Veronika alihisi uso unawaka. Nyumbani kwao neno la baba halirudiwi mara mbili. Lakini hapa alivaa sare, na watu waliojaa humo ndani walikuwa mikononi mwake. Alipiga magoti sakafuni mbele ya mzee, kama anavyomsalimia nyumbani, akainamisha kichwa.

"Mwangaluka, baba."

Mzee Seni alishtuka. Salamu hairudishwi kwa kununa. "Mwangaluka, mayu," alijibu, na kabla hajamaliza, binti alikuwa ameshaufunga mkanda, *tak*, kiunoni mwake. Mama mmoja wa nyuma alipiga vigelegele. Mzee akatazama dirishani kama mtu ambaye jambo hilo halimhusu.

Boti ilipoinuka, mzee alishika fimbo kwa mikono miwili. Bahari ilikuwa na mawimbi ya wastani siku hiyo. Pembeni yao boti nyingine ilikuwa ikipanda na kushuka, pua yake ikirusha povu. Wao waliipita kimya kimya, chai ikiwa imetulia kikombeni.

"Tumeshaanza kwenda?" mzee aliuliza.

"Tunaruka, baba. Tazama chini."

Alitazama. Alitazama sana. Kisha akasema kwa sauti ambayo safu tano zilisikia, "Sasa wale wa mashineni nitawaambiaje mimi wakanielewa?"

Walikuwa wameanza kuiona Unguja kwa mbali ndipo kikasikika kishindo kizito chini, kama gari limegonga kisiki. Gogo lililokuwa likielea, limezama nusu, lilikuwa limegonga bawa la mbele. Shakwe iliacha kuruka. Tumbo lake liliangukia maji kwa nguvu, boti ikapunguza mwendo kwa ghafla, kila mtu akarushwa mbele na kurudishwa na mkanda wake. Fimbo ya Mzee Seni iliruka, ikapita juu ya trei, ikagonga ukuta wa mbele. Mzee mwenyewe alibaki kitini, kofia imemfunika macho.

Watoto walilia. Mtu alipaza sauti kwamba wanazama. Veronika alikuwa ameangukia goti lake. Alisimama akichechemea, akashika kiti cha kwanza, akachungulia dirishani akaliona gogo likibaki nyuma, akasema kwa sauti ileile ya Kitonga:

"Hatuzami! Tumbo la boti ni zima, ni mabawa yamepata gogo. Sasa tunakwenda kama boti za kawaida. Kaeni hivyohivyo, mikanda msifungue. Nakuja kwa kila mmoja."

Akaenda kwa kila mmoja. Didas alitangaza kutoka juu kwamba maji hayaingii, na kwamba watafika kwa mwendo wa kobe. Boti ikaanza kuyumba, mifuko ikaanza kuitwa. Veronika aliporudi kwa baba yake alimkuta anamnusisha ndimu yake kijana wa jirani aliyekuwa amegeuka rangi.

"Tazama mbali, bwana," mzee alikuwa akimwambia. "Chini hakuna kitu." Kisha akamwinulia macho binti yake. "Goti linakuuma?"

"Kidogo, baba."

"Ungeniacha kama nilivyotaka, sasa hivi ningekuwa ukutani na ile fimbo. Umefanya vizuri kunikaidi."

Maneno hayo Veronika hakuwahi kuyasikia kutoka kwa baba yake maisha yake yote. Akaenda kumshika bega abiria mwingine, machozi na kicheko vikigombea uso mmoja.

Walifika Unguja wamechelewa, lakini wote wakiwa salama. Mzee alikula pweza Forodhani akidhani ni firigisi, akaomba aongezwe, na alipoambiwa ukweli akaomba tena. Aliporudi Ubaruku, mashine ya kukoboa ilizimwa kwa mara nyingine, na wanasema katika simulizi yake lile gogo liliendelea kukua hadi likawa nyangumi.

Mabawa ya Shakwe yalitengenezwa, na Mzee Seni aliuza fahali wawili ili binti yake asome ubaharia. Hakuna aliyemwomba. Sasa siku ambazo Veronika hayuko chuoni, Didas humruhusu akae kiti cha pembeni yake. Juzi bahari ilikuwa shwari, wakatoka mlango wa bandari bila abiria, wakijaribu injini.

"Haya, fundi wa Kitonga," Didas alisema, akaondoa mikono yake kwenye usukani. "Inue."

Veronika aliusukuma mkono wa injini mbele, taratibu, akisikiliza. Maji yalinguruma, yakanguruma zaidi, kisha yakanyamaza.