Swichi ya Mkono wa Kushoto

Sijakutana na Mtanzania mwingine aliyeng'oa nyaya zote za kinanda cha mabomba na kuweka waya mmoja mwembamba mahali pake. Huenda yupo. Akijitokeza nitampa mkono, nitamkaribisha chai, kisha nitamwuliza maswali mawili matatu ili tujuane vizuri.

Nilizaliwa Temeke, katika nyumba ya wapangaji, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ujerumani nilifika kwa juhudi zangu. Mchana nilifagia karakana ya mafundi wa vinanda vya kanisa, jioni nikasomea elektroniki, mpaka nikapata diploma, na wale waliokuwa wakinishikisha ufagio wakawa wananiletea michoro niwasomee. Nilirudi nyumbani enzi za ruksa ya bidhaa za nje, Kariakoo ikiwa imefurika redio na televisheni, nikafungua karakana Tandika. Diploma niliitundika ukutani juu ya meza, mahali ambapo mteja aliyeinama kutazama televisheni yake lazima aione akiinuka.

Kinanda cha usharika wetu kilikuwa zawadi iliyokuja kwa meli nikiwa mtoto. Mabomba yake, mengine ya bati na mengine ya mbao, yalisimama kwenye roshani nyuma ya waumini. Mpigaji aliketi mbele, karibu na madhabahu. Kati ya vidole vyake na mabomba hayo palikuwa na fungu la nyaya nene kama paja la mtu, maana kila kibao cha kubonyeza kilikuwa na waya wake, na kila waya ulikwenda kuvuta sumaku ndogo iliyofungua vali chini ya bomba lake. Niliporudi, unyevu na panya walikuwa wamekwisha kulila fungu lile. Kinanda kilikuwa bubu, na popo walikuwa wamehamia roshanini.

Mpigaji wake alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, ndiye aliyetufundisha kuimba kwa do, re, mi. Sasa alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, watoto wako Mwanza. Kila Jumapili alikuja amevaa suti yake ya kaki, akaketi kwenye kiti cha kinanda kisicholia, akakunja mikono. Nyimbo zilianzishwa na mama mmoja wa benchi la mbele, muuza samaki wa kukaanga, mwenye sauti ya kupita juu ya soko. Mchungaji alipotaja wimbo, mama huyo hakusubiri mtu. Alivuta pumzi, akaanza, nasi tukamfuata.

Nilimwendea mwalimu baada ya ibada.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyekuwa ukilala kipindi cha muziki?"

"Nilikuwa nasikiliza nimefumba macho."

"Na kukoroma pia ulikuwa ukisikiliza?"

Nikamwambia nitakifufua kinanda chake. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeahidi kuleta mvua.

Baraza la wazee lilinikubalia, ila kwa sharti. Vijana walikuwa wamekwisha pata kinanda cha umeme kutoka Dubai, cha kubeba, chenye ngoma na tarumbeta ndani yake. Wazee wakasema mabomba yakilia Sikukuu ya Mavuno, na waumini wakaweza kuimba nayo, yatabaki, na mwalimu atabaki kwenye kiti chake. La sivyo roshani isafishwe, bati liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na vijana wapige.

"Braza," katibu wa vijana aliniambia pale nje, amekipakata kinanda chake ndani ya begi, "hiki changu kinapanda daladala. Hicho chako kinahitaji nyumba."

"Chako kinaiga filimbi," nikamjibu. "Changu ni filimbi."

"Sawa. Lakini changu kina kitufe cha kushusha wimbo ukiwa juu mno. Mwalimu anapiga kila wimbo palepale. Bibi zetu walikuwa wakiimba wamesimamia vidole."

Hapo alisema kweli. Mwalimu alijifunzia kinanda cha kukanyaga cha shule, ambacho baadhi ya vibao vyake vilikuwa vimekufa, akazoea kupitia vile vilivyo hai tu. Tangu hapo kila wimbo aliupigia mahali pamoja. Wimbo ukiwa wa juu mno, shauri lenu.

Nilifanya kazi ile miezi kadhaa, baada ya kufunga karakana. Chipu nilikuja nazo sandukuni. Bodi za kuzipachika nilizichora mwenyewe na kuziosha kwa dawa kwenye beseni uani, jirani akiuliza kama natengeneza bia. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza, ingawa si rahisi kuutenda. Bodi moja, ndani ya kinanda, inakiuliza kila kibao, haraka kuliko kope inavyopepesa: umebonyezwa? Majibu yanasafiri kama namba, yakifuatana kwenye waya mwembamba, hadi bodi ya pili roshanini, nayo inaamuru sumaku ipi ivute. Fungu lile nene nililitoa nje kwa toroli. Na kwa kuwa sauti sasa zilikuwa namba, kuhamisha wimbo mzima kukawa hesabu ya darasa la kwanza. Jumlisha moja, wimbo unapanda nusu hatua. Toa tatu, unashuka. Nikafunga swichi ya kuzungusha upande wa kushoto wa vibao, mfano wa ile ya kutafutia stesheni redioni, nikaiandikia namba kwa rangi nyeupe. Kitufe cha Dubai nilikuwa nimekwisha kijibu.

Jumamosi ya kuamkia Mavuno tulifanya majaribio. Bomba la kwanza lilipolia, popo walitoka kwa pamoja, na mwalimu akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alipiga ubeti mzima pale alipozoea. Kila bomba liliitika. Kisha nikamwita yule mama aanze wimbo, akauanzia chini, kama kawaida yake. Nikazungusha swichi mpaka kwenye sauti yake.

"Endelea, mwalimu. Vidole vilevile."

Aliweka vidole vilevile. Alipiga sauti mbili, akasita. Akarudia. Safari hii mkono wa kulia ulikwenda kushoto na wa kushoto ukapotea kabisa.

"Kinasema uongo," akasema.

"Hakisemi uongo, mwalimu. Nimekishusha tu."

"Nabonyeza hapa, kinalia pale. Mie nitampigiaje Mungu kitu ambacho masikio yangu yanakikataa?"

Huko Ujerumani nilikuwa nimeona wapigaji wazuri wakipatwa na hali hiyo. Aliyekaa na kinanda kimoja maisha yake yote, kila kibao kina sauti yake masikioni mwake, na ukiibadilisha ni kama umembadilishia majina ya watoto. Tulijaribu mara nyingi. Kila swichi ilipotoka kwenye sifuri, vidole vilikufa.

Yule mama alikuwa amekaa akijipepea kwa khanga.

"Mama," nikamwambia, "kesho usianze. Acha kinanda kianze, wewe ufuate."

"Mwanangu, hicho kilipolala nani alikuwa akiimba?"

"Ni wewe."

"Basi kilale au kiamke, wimbo una mwenyewe." Akasimama akaenda kuwasha jiko lake.

Mwalimu alifunga mfuniko wa kinanda. Aliniambia nisijisumbue, vijana nao watoto wetu, na kiti hakizeeki na mtu. Alisema kwa utulivu, ila mkono wake haukutoka juu ya mfuniko.

Sasa hapa nitajisifu tena, maana nilistahili. Fundi mwingine angerudi kwenye bodi zake kutafuta kosa ambalo halikuwapo. Mimi nilirudi darasani. Niliikumbuka fimbo yake ikigonga ubao, na sisi, tukiwa na njaa ya saa sita, tukiimba do juu, do chini, do popote alipotaka.

"Mwalimu," nikasema, "ulitufundisha kwamba do haina kwao. Popote mwimbaji anapoiweka, hapo ndipo nyumbani."

"Hayo ni ya kuimba. Haya ni ya kinanda."

"Basi imba. Usiyasikilize mabomba. Msikilize mama, chukua do yake mdomoni mwako, kisha vidole vifuate mdomo."

"Kumbe hukuwa umelala," akasema.

Akafungua mfuniko. Nilimwimbia mimi badala ya mama, kwa sauti yangu mbovu ambayo diploma haikuisaidia. Yeye akaidaka: do, do, mi, so. Akizitaja hivyo kwa mdomo, kibao cha do kilikuwa do tena, hata kama bomba lililia mahali pengine. Vidole vilitembea. Alikosea, akarudia, makosa yakapungua. Swichi nilimwachia mwenyewe aizungushe, akitafuta kwa sikio, bila kutazama namba zangu.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa ndizi, kuku waliofungwa miguu, na mifuko ya mpunga. Wazee wa baraza waliketi mstari mmoja. Katibu wa vijana alikuwa na begi lake magotini, zipu nusu wazi. Mchungaji alitaja wimbo. Mama akavuta pumzi akaanza, chini kuliko hata jana, kwa sababu ya mafua. Waumini wakamfuata. Mwalimu hakupiga kitu. Mzee mmoja aligeuka kumtazama. Mimi nilikuwa roshanini kando ya bodi yangu, na kutoka kule juu niliona kichwa cha mwalimu kimeinama upande wa benchi la mbele, midomo ikichezacheza, mkono wa kushoto ukizungusha, ukisita, ukirudi kidogo.

Mstari wa pili mabomba yaliingia, palepale sauti ya mama ilipokuwa. Hakuna aliyesimamia vidole. Nilihisi sakafu ya roshani ikitetemeka chini ya viatu vyangu, na bibi mmoja wa nyuma kabisa akafunga kitabu chake akaimba wimbo wote. Katibu wa vijana alisikiliza ubeti wa kwanza. Kwenye ubeti wa pili alifunga zipu, akaimba.

Mwalimu alikaa kwenye kiti kile mpaka alipokufa, na hakuwahi kupiga mstari wa kwanza wa wimbo wowote. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mama. Wageni wakija huwa nawaonyesha bodi zangu, nao hutikisa kichwa kwa adabu kisha wakayatazama mabomba. Sijali. Mimi huwa natazama swichi. Namba za upande wa kupanda bado nyeupe kama siku nilipozipaka. Za upande wa kushuka zimefutika moja baada ya nyingine, kadiri sauti ya mama ilivyokuwa ikishuka na umri, na kidole cha mwalimu kikimfuata.