Choo Chenye Kufuli

Juma lililopita, katika kijiji kimoja cha Ugogo, niliona choo kipya kimefungwa kwa kufuli. Ndiyo, kufuli! Ufunguo alikuwa ameuvaa jumbe, mkuu wa kijiji, shingoni. Mbele yake alisimama mama mmoja, amebeba binti yake aliyekuwa akiharisha tangu alfajiri.

“Baba, nifungulie. Mtoto amelegea.”

“Subiri. Bwana Mganga Mkuu wa Jimbo anakuja kukikagua. Akikikuta kimechafuliwa nitamwambia nini?”

Mama akampeleka mtoto korongoni, kule kule wanakofukua mchanga kupata maji ya kunywa.

Saa sita gari likafika. Daktari huyo mkuu akafunguliwa mlango wa choo, akainama, akanusa, akatabasamu. “Safi kabisa! Hapana harufu!” Akaandika daftarini. Karani wake akaninong'oneza kwamba vyoo hivi ndivyo vimempatia bwana wake cheo kikubwa Dar es Salaam. Mwezi ujao anahamia huko.

Mama akasogea, akasema kwa Kigogo: “Muulizeni, akishaondoka tutaruhusiwa kukitumia?”

Karani akamgeukia daktari, akamfasiria kwa Kiingereza: “Anasema ahsante.”

Daktari akamvulia mama kofia. Jumbe akarudisha kufuli mlangoni.

Mnataka kumlaumu karani? Mlaumuni. Mlaumuni na jumbe, na huyo daktari anayepima afya ya watu kwa pua. Lakini Kigogo nakijua, Kiingereza nakijua, na nilisimama hatua mbili tu kutoka kwa daktari.

Nami nilivua kofia.