Kombe la Zaburi

Mwaka wangu wa tatu katika mtaa wa Rwezamenyo nilikuwa nimechoka hata kusali. Kanisa letu la Tanzania lilinituma Kigali kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma Kiarabu miaka mingi, na mtaa ule ulikuwa na Waislamu wengi. Wazee wa kanisa lililonipokea Kigali walidhani Kiarabu changu kitawavuta kama sukari inavyovuta sisimizi. Kumbe majirani walinipenda bure, wakanilisha pilau kila Idi, na hakubatizwa hata mmoja. Vita vilikuwa kaskazini, mjini vizuizi, na mimi mezani na kamusi zangu, nasahihisha mahubiri ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jioni moja mama jirani aliingia na sahani nyeupe na zafarani kwenye kikombe. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amerudishwa kutoka hospitali akafie nyumbani. Mama alitaka kombe: aya ziandikwe kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe kwa maji, mgonjwa anywe. Shehe wa mtaa alikuwa amesafiri kwenda Bujumbura.

"Mama, mimi ni mchungaji," nikamwambia.

"Pasta, hiyo najua. Lakini hapa kwetu nani mwingine iko naandika Kiarabu muzuri?"

Nilikasirika, niseme kweli. Miaka yote nabisha hodi, na siku ninayofunguliwa mlango naombwa kazi ya shehe! Tena nilijua wazee wa kanisa wakisikia, nimekwisha. Wengine walishaanza kunong'ona kwamba nimesilimu. Lakini mtu alikuwa anakufa nyuma ya ukuta wangu, namsikia akikohoa.

"Korani siandiki," nikasema. "Nitaandika zaburi."

Akanisogezea sahani. "Zaburi ni ya nabii Daudi. Na siye tunamuheshimu. Andika."

Nikaandika kwa kijiti, polepole. Nikaenda naye kwao, nikayaosha maneno mwenyewe, nikamnywesha yule fundi kwa kijiko mpaka akamaliza. Akauliza amekunywa nini. Nikamweleza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, hadi akasinzia. Alfajiri akafa. Mjini humo hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile, na nilifurahi, kisha nikaona haya kufurahi kando ya maiti.

Msibani mjane alinisifu mbele ya watu. Juma halikuisha, wazee wa kanisa wakaniita.

"Siku hizi umekuwa mganga?" mmoja akauliza.

Hoja nilikuwa nazo, tena nzuri, ila nguvu ya kuzisema sikuwa nayo. Wakaamua nirudi nyumbani. Nikasikia nafuu, kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa.

Nilikwenda kumuaga mjane. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza tu, "Na miye, siku yangu ikifika, nani ataniandikia?"

Nikamwambia shehe amesharudi.

Akatikisa kichwa. "Miye nataka ile ya bwana yangu."

Kesho yake nilipanda basi la Rusumo, mpakani. Ilikuwa mwisho wa mwaka tisini na tatu. Aprili ilipofika nilikuwa Bukoba, redio sikioni ikitaja mauaji ya Kigali, na yule mjane sikujua nimuulizie kwa nani.