Jua la Pasua, Ulezi wa Mlimani

Mimi ni mtu wa ndani. Ninaishi Pasua, mjini Moshi, chumba kimoja na kibaraza, na safari yangu ndefu ya wiki ni ya dukani kununua vocha. Kwa hiyo mama aliponiita nyumbani mlimani kusaidia maandalizi ya posa ya mdogo wangu wa kike, nilipanda na mto wangu wa kulalia. Mdogo wangu aliniona nashuka kwenye bodaboda na ule mto, akasema, "Kaka, umekuja kusaidia au umekuja kulazwa?"

Kazi niliyopewa ilinifaa: kukaa. Ulezi uliokwisha kuoteshwa ulikuwa umetandazwa uani juu ya turubai, ukauke, usagwe, uingie kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Wazee wa upande wa mwanaume walikuwa wanakuja Jumamosi, na kwetu pasipo mbege wazee hawalitoi neno lililowaleta. Watasalimia, watasifu migomba, wataaga. Na posa hii ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, kwa msiba wa upande wao. Mdogo wangu hakuwa na hamu ya kungoja tena.

Jumanne asubuhi mama akashuka Himo kununua mchele. "Usiangalie juu," aliniambia. "Angalia bondeni. Upepo ukianza kupanda na majani ya migomba yakageuka tumbo, anua. Usisubiri tone."

"Mama, mimi nimesoma Jiografia."

"Ndiyo maana nakuambia mara mbili."

Na kweli nilisoma. Mchoro wa mvua ya milima nilikuwa nauchora nimefumba macho. Upepo wa kusi unatoka baharini umebeba unyevu, unavuka tambarare bila kumsumbua mtu, halafu unakutana na mlima. Kupenya hauwezi, basi unapanda. Ukipanda unapoa, na ukipoa mzigo wake unaushinda, unaumwaga hapohapo. Walio nyuma ya mlima wanabaki na vumbi. Mwalimu alinipa alama zote, akaisifu hata mishale. Kitu ambacho mchoro haukuonyesha ni mimi, nimekaa kwenye kigoda, mbele ya mshale.

Kwenye saa nne majani yakageuka tumbo. Niliyaona. Lakini badala ya kunyanyuka nikatoa simu, nikasoma: Moshi, jua, siku nzima. Ili kupata uhakika zaidi nikampigia jirani yangu wa Pasua, fundi cherehani anayeshinda kibarazani.

"Huko kuna mvua?"

"Mvua ipi? Nimeanika godoro."

Simu haikudanganya, wala fundi. Moshi kulikuwa na jua. Ila mimi sikuwa Moshi; nilikuwa juu huko, na upepo uleule uliompuliza fundi shingoni ndio uliokuwa njiani kunitafuta. Nikaegemea mto.

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Ilishuka kama pipa limepinduliwa, na nilipofika uani turubai lilikuwa beseni, ulezi unaelea, mwingine umeshaanza safari ya kuelekea mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Mdogo wangu akatoka jikoni mbio. Alishika pembe mbili, nami mbili, tukaburuta hadi ndani. Kisha akakaa juu ya gunia la mahindi, akajifuta uso, na haikuwa mvua peke yake aliyokuwa anaifuta.

"Nilipiga simu Pasua," nikajitetea.

"Kaka, posa inafanyika Pasua?"

Mama alirudi alasiri, viatu vyake vina tabaka mbili: chini vumbi la Himo, juu yake tope la kwetu. Alichota ulezi kiganjani, akaunusa. "Haujaoza. Upelekwe darini, juu ya moto. Na wewe unayependa kukaa ndani, utakaa ndani."

Nikakaa. Siku mbili juu ya jiko la kuni, nageuza ulezi, machozi yananitoka kuliko bibi harusi. Mto wangu mpaka leo una harufu ya kuni.

Jumamosi mbege ilikuwepo, pungufu kidogo. Mzee mkubwa wa wageni akapokea kata, akaonja, akasita. Mimi na mdogo wangu tulikuwa nyuma ya pazia. Alinishika mkono kwa kucha.

"Ulezi huu umekaushiwa darini," mzee akasema.

"Mvua, baba," mama akajibu. Hakunitaja. Bado ananidai shukrani.

"Marehemu mama yangu alikuwa anafanya hivi." Akanywa tena, akafuta midomo, akaweka kata chini. "Haya. Sisi tumekuja na neno."

Kucha zikaniachia.

Walipoaga, kijana wao mmoja wa mjini akachungulia simu yake, akatangaza kwamba ni jua hadi jioni. Nikatazama migomba.

"Chukua mwavuli, shemeji," nikamwambia.

Mama alinitazama. Akanitazama mara ya pili.